Kabla Hujazilaumu Valvu: Namna ya Kufufua Redio ya Zamani ya Mbao

Mtu akikuambia redio ya valvu imekufa "kwa sababu valvu zake siku hizi hazipatikani", muulize kama amezipima. Aghalabu hajazipima. Kafungua ubao wa nyuma, kaona valvu, vile vichupa vya kioo vilivyofanya kazi ya transista za leo, zimejaa vumbi, kahukumu. Mimi ni fundi wa maabara ya fizikia katika shule ya sekondari hapa Tanga, na redio hizi ndizo starehe yangu ya Jumamosi. Nyingi ninazoletewa valvu zake ni nzima. Kilichokufa ni kapasita za karatasi, vile vidude vya kahawia au vyeusi vilivyojificha chini ya chesisi (ile sinia ya chuma inayobeba mitambo yote), ambavyo kipya chake unakipata kwa bei isiyofika ya chupa ya soda.

Haya ninayoyaandika ni kwa mtu anayejua tayari kulehemu na kutumia mita, lakini hajawahi kutia mkono kwenye kitu chenye volti 250 tumboni. Kama kulehemu hujui, anza na redio ya betri ya kisasa. Huku utakuja tu, hakukimbii.

Usiichomeke

Najua hamu ilivyo. Redio umeitoa kwa bibi, imekaa juu ya kabati tangu watoto wake wakiwa shule ya msingi, na unataka kusikia tu kama bado inasema. Usiichomeke.

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kapasita kubwa za kusafishia umeme, zile za kopo la aluminiamu. Zina utando mwembamba sana wa oksaidi ambao hujengwa na kutunzwa na umeme wenyewe. Zikikaa miaka thelathini bila umeme, utando huo hudhoofika, na siku ukichomeka ghafla zinavuta mkondo mkubwa kupita kiasi. Anayelipa si kapasita peke yake. Valvu ya kunyoosha umeme, ile inayougeuza AC kuwa DC, inaungua, au transfoma. Sababu ya pili ni kapasita za karatasi nilizozitaja. Karatasi imenyonya unyevu, na sisi watu wa pwani tunajua unyevu ni nini, kwa hiyo inapitisha umeme mahali ambapo haikupaswa kupitisha hata kidogo. Katika dakika chache za "ngoja nisikie tu", kitu cha shilingi mia chache kinaua transfoma ambayo itabidi ikasukwe upya kwa mkono.

Soma majina ya valvu kwanza

Fungua ubao wa nyuma, chukua tochi, andika namba za valvu zote. Usizifute. Maandishi ya valvu nyingi yanatoka kwa kidole tu, na ukishayafuta una kichupa kisicho na jina. Yakiwa yamefifia, ipumulie valvu pumzi ya moto kama unayetaka kusafisha miwani. Mara nyingi namba inajitokeza kwenye ukungu.

Kwa redio za Ulaya, ambazo ndizo nyingi huku kwetu, namba hiyo inakueleza karibu kila kitu. Herufi ya kwanza ni umeme wa kupashia moto: E ni volti 6.3, A ni volti 4, D ni volti 1.4 kwa redio za betri, na U ni valvu zinazofungwa kwa mfuatano kwenye mkondo wa miliampea 100. Herufi zinazofuata ni kazi yake: L ni ya kusukuma spika, Y na Z ni za kunyoosha umeme, H ni ya kuchanganya masafa, F ni ya kukuza mawimbi, M ni lile jicho la kijani linalofumba ukipata stesheni. Basi ukikuta ECH81, EBF89, EABC80, EL84 na EZ80 kwenye safu moja, unayo redio ya kawaida ya miaka ya 1950 mwishoni au 1960 mwanzoni, yenye transfoma. Ukipata ya namna hiyo kwa redio yako ya kwanza, shukuru.

Ukikuta UCH42, UF41, UBC41, UL41 na UY41, simama. Hiyo haina transfoma ya umeme. Nyuzi za kupashia moto zimefungwa moja baada ya nyingine: volti 14, 12.6, 14, 45 na 31, jumla 116.6. Umeme wetu ukiwa volti 240, volti 123 na ushei zinazobaki zinamalizwa na rezista moja kubwa, nayo inatoa zaidi ya wati 12 za joto tupu ndani ya kisanduku. Hilo la joto tutalirudia. Hatari yenyewe ni kwamba chesisi imeungwa moja kwa moja na waya mmoja wa ukutani. Plagi ikiwa imefungwa kinyume, au soketi ya nyumba ikiwa imefungwa kinyume, jambo ambalo kwenye nyumba za zamani ni la kawaida kabisa, chuma chote ni laivu. Mbonyeo wa skrubu za vishikio vya mbele ulizibwa nta kiwandani ili kidole cha mtoto kisifike kwenye chuma. Nta ikiwa imetoka, irudishe.

Redio za namna hiyo natengeneza, lakini kwa transfoma ya kutenganisha tu. Kama huna, chukua transfoma mbili zinazofanana za volti 240 kwenda 12, uunganishe pande za volti 12 pamoja. Upande wa pili utapata volti mia mbili na kitu zisizo na uhusiano na ukuta. Hakikisha zina uwezo wa kubeba redio, wati 50 kwenda juu. Na tafadhali, usiifanye ya U kuwa redio yako ya kwanza.

Zipo pia za D, za betri, kutoka enzi ambazo umeme uliishia mjini. Mfano mmoja maarufu Afrika ni ule wenye umbo la sufuria, uliotengenezwa Uingereza na Ever Ready mwaka 1949 baada ya Harry Franklin, aliyekuwa mkuu wa idara ya habari ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, kuhangaika kutafuta redio ambayo mwananchi wa kawaida angeweza kuinunua. Redio za D zinataka volti 90 na volti 1.5. Betri kumi za volti 9 zikishikanishwa kwa mfuatano zinatoa hizo 90 na zinadumu vizuri tu, maana redio inakunywa kidogo. Angalia mara tatu kabla hujaunga: volti 90 zikienda kwenye nyuzi za moto, valvu zote zinakatika kwa mpigo, na hapo kweli hazipatikani.

Vifaa

Mita ya dijitali yenye kiwango cha volti 600 au zaidi. Kifaa cha kulehemu cha wati 40 hivi, maana chesisi inakula joto. Rezista ya kilo-ohm 10, wati 5, yenye vibanio vya meno pande zote mbili, ya kumwagia chaji. Hii ni lazima: kapasita kubwa zinaweza kukaa na chaji ya kukurusha hata baada ya plagi kutoka ukutani. Kila unapozima, bana upande mmoja kwenye chesisi, mwingine kwenye kapasita, subiri sekunde chache, kisha pima kwa mita kuhakikisha kweli ni sifuri. Unapopima redio ikiwa imewaka, mkono wa kushoto uwe mfukoni na miguuni uwe na ndala.

Kingine ni taa ya mfuatano. Chukua holda ya balbu, ifunge kwenye waya wa laivu kati ya plagi na soketi ya kufanyia majaribio, weka balbu ya uzi ya wati 60. Redio ikiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu zote na redio inabaki salama. Utaniambia balbu za uzi hazipo tena madukani. Nenda kwa wauza pembejeo za kuku. Wafugaji bado wanazitumia kupashia vifaranga joto. Ikiwa ya wati 100, nayo inafaa.

Usafi, na wakazi waliohamia

Kabla ya kugusa chochote, piga picha. Juu, chini, pembeni, karibu kabisa. Utazihitaji.

Redio iliyokaa pwani ina wapangaji. Nyigu wanajenga vyumba vya udongo kwenye koili. Vilainishe kwa brashi yenye maji kidogo, usivikwangue kwa bisibisi, waya wa koili ni mwembamba kuliko unywele. Mende wanakula karatasi ya spika na wanakojolea kila kitu. Mjusi hukauka kati ya ubao na transfoma. Mavi ya panya usiyapulize kwa mdomo: yaloweshe, vaa barakoa na glavu, yakusanye kwa kitambaa na ukitupe. Vumbi kavu litoe kwa brashi laini ya rangi. Ukikuta karatasi nene ya kijivu-nyeupe juu ya mahali penye joto, ndani ya dari ya kisanduku, huenda ni asbesto. Iache ilipo, usiisugue wala kuikata.

Chomoa valvu moja moja kwa kuitikisa taratibu huku ukiishika chini, na ukumbuke kila moja ilikuwa tundu gani. Angalia ule mng'ao wa fedha ndani ya kioo, kwa juu au ubavuni. Ukiwa wa fedha au mweusi, ombwe lipo. Ukiwa mweupe kama chokaa, hewa imeingia, na hiyo ndiyo valvu iliyokufa bila ubishi. Kisha pima uzi wa moto kwa ohm: kwa valvu za miguu tisa nilizozitaja ni miguu ya 4 na 5, ukihesabu kutoka kwenye pengo kwa mwendo wa saa valvu ikiwa imekutazama miguu juu. Ohm chache ndiyo dalili ya uzima. Mita isiposoma kitu, uzi umekatika. Umemaliza dakika kumi na tayari unajua zaidi ya yule aliyesema hazipatikani.

Kioo cha stesheni kisafishe upande wa mbele tu. Nyuma yake yamechapwa majina na mistari kwa rangi ambayo haistahimili hata maji matupu. Nimeona kioo kizuri kilichobaki cheupe kwa sababu msaidizi wa nyumbani alikuwa mtu wa bidii.

Waya wa umeme na plagi

Waya wa zamani wa mpira unavunjika kama biskuti. Utoe wote, weka mpya, ufunge kwa kibano ili usivutike. Kwenye plagi ya miguu mitatu toa fyuzi ya ampea 13, weka ya ampea 3. Redio inatumia wati 50 tu. Kisha tafuta kibadili-volti nyuma au chini: kuna namba kama 110, 125, 145, 200, 220, 245. Kiweke kwenye 245. Ukikiacha kwenye 220, kila kitu kitachemka kupita kilivyopangiwa.

Kapasita, ndipo kazi ilipo

Geuza chesisi. Kila kapasita ya karatasi itatoka, iwe inaonekana nzuri au mbaya. Ni mirija yenye nta, yenye lami, au ya plastiki nyeusi iliyopasuka nyufa. Zile ndogo bapa za mika na zile za kauri ziache, hizo zinatuzika. Toa moja, weka moja, angalia picha, nenda inayofuata. Anayekata zote kwa pamoja atakaa na chesisi hiyo hadi mwaka ujao.

Thamani zimeandikwa kwa mitindo ya zamani: 0.01 MFD, au 10,000 pF, ni kitu kile kile ambacho leo kimeandikwa 103. Vivyo hivyo 0.022 ni 223, 0.047 ni 473, na 0.1 ni 104. Chukua za filamu za volti 630. Kariakoo na Luthuli Avenue Nairobi zinapatikana mpya bila shida. Nami nina chanzo changu kingine: mbao za saketi za televisheni za kichogo na za taa za kubana matumizi zilizoungua. Humo kuna kapasita za filamu za volti 400, 630, hata 1200, za rangi ya kahawia au kijani, na nyingi ni nzima. Ukifungua taa hizo angalia usivunje kioo, ndani kuna zebaki. Zile za kopo dogo kutoka kwenye taa hizo sizitumii. Zimeishi karibu mno na moto.

Kapasita inayoungana moja kwa moja na waya wa umeme wa ukutani iwe ya daraja la usalama la X2 ikiwa kati ya laivu na nyutro, na Y2 ikiwa inakwenda kwenye chesisi. Hapo usiweke ya kuokota.

Sasa ile moja inayostahili hukumu. Tafuta kapasita, kwa kawaida ya 0.01, inayotoka anodi (mguu wa kutolea sauti) ya valvu ya sauti ya kwanza kwenda gridi (mguu wa kuingizia sauti) ya valvu ya kusukuma spika. Kwenye EL84 ni mguu wa 2. Kazi yake ni kupitisha sauti na kuzuia umeme wa DC. Ikivuja, gridi inapanda kuwa chanya, valvu inavuta mkondo kupita kiasi, inachemka, na transfoma ya spika inaungua pamoja nayo. Ukiwa na muda wa kubadili kitu kimoja tu katika redio nzima, badili hiki.

Nitakuonyesha kwa hesabu, maana wanafunzi wangu hawaamini hadi waone namba. Kuna redio moja ya mbao ambayo kapasita hiyo ilikuwa inapendeza, haina ufa hata mmoja. Nikakata mguu wake wa upande wa gridi, nikauacha hewani, nikawasha redio kupitia taa ya mfuatano, nikapima kati ya mguu huo na chesisi. Mita yangu ina ukinzani wa megaohm 10. Ilisoma volti 20. Maana yake mikroampea 2 zinapita mahali ambapo panatakiwa pasipite kitu. Anodi nyuma yake ilikuwa na volti 90, kwa hiyo kapasita imegeuka kuwa rezista ya megaohm 35. Ukiirudisha kwenye gridi yenye rezista ya kilo-ohm 680, gridi inapata takriban volti 1.7 chanya. Zionekane ndogo, lakini EL84 inafanya kazi ikiwa na tofauti ya volti 7 hivi tu kati ya gridi na kathodi, ile sehemu inayopashwa moto ili itoe elektroni. Umeila karibu robo ya breki yake. Mita ya kupimia kapasita ilisema kitu hicho hicho ni kizima kabisa, nanofaradi 11. Ndiyo maana sizisikilizi mita hizo: zinapima kwa volti chache, na uvujaji unajitokeza kwenye volti nyingi.

Kapasita kubwa za kopo nazo badili. Kwa kawaida ni mbili ndani ya kopo moja, mikrofaradi 32 na 32, au 50 na 50, za volti 350. Weka mpya za 33 au 47 za volti 450. Usipandishe kwa kudhani utaondoa mvumo zaidi: EZ80 haitaki zaidi ya 50 kwenye kapasita ya kwanza. Kopo la zamani liache mahali pake juu ya chesisi, lakini likate kabisa kwenye saketi. Wapo wanaolitoboa kopo na kuficha mpya ndani ili redio ionekane haijaguswa. Kazi yao ni nzuri, mimi sifanyi. Fundi atakayeifungua baada yangu anastahili kuona kilichobadilishwa.

Rezista za zamani hupanda. Pima zote za zaidi ya kilo-ohm 100. Iliyozidi thamani yake kwa asilimia 20, itoe. Na zile skrubu ndogo zilizo juu ya vikopo vya aluminiamu vya koili za IF (masafa ya ndani ya redio yenyewe), zilizofungwa kwa nta au rangi, zinakuita uzizungushe. Usizizungushe. Ziliwekwa kiwandani kwa mashine, na kazi yote uliyofanya haijazihusu.

Kuwasha

Chomoa EZ80, ziache nyingine. Washa kupitia taa ya mfuatano. Balbu iwe giza au na uwekundu kidogo, na nyuzi za valvu zianze kuwa za machungwa. Balbu ikiwaka kwa ukali bila EZ80, transfoma ina shoti, na hapo pole sana. Ikiwa sawa, zima, rudisha EZ80, weka mita kwenye kapasita kubwa ya kwanza, washa tena. Balbu itang'aa mwanzoni, ififie, ipande tena kidogo valvu zikishapata moto, na volti zitapanda pole pole hadi mia na kitu. Iache hivyo robo saa. Nusa. Harufu ya vumbi lililopata moto ni ya kawaida. Harufu ya lami iliyoungua si ya kawaida.

Ukiridhika, toa taa ya mfuatano uchomeke moja kwa moja, kisha pima kwenye EL84. Mguu wa 7, yaani anodi, volti 240 hivi. Mguu wa 9, karibu sawa na hapo. Mguu wa 2, sifuri. Mguu wa 3, yaani kathodi, ndio unaosema ukweli: ukisoma volti 7.2 na rezista yake ni ohm 135, gawanya, unapata miliampea 53, na valvu ina afya. Ukisoma volti 11, kitu bado kinavuja. Ukisoma 3, valvu imechoka, japo itaimba bado kwa sauti ndogo. Redio nyingine zina mguu wa 3 umefungwa kwenye chesisi moja kwa moja. Hizo zinataka volti hasi kwenye mguu wa 2, usishangae.

Mguu wa 7 ukiwa hauna kitu na wa 9 una volti zote, utaona waya mwembamba ndani ya valvu umekuwa mwekundu. Zima mara moja. Waya wa transfoma ya spika umekatika. Mvumo mzito usiobadilika ukipunguza sauti ni kapasita za kopo au maungio yake. Mvumo unaopungua ukipunguza sauti unatoka mbele zaidi. Mikwaruzo ukizungusha kishikio cha sauti, au swichi ya masafa, inataka dawa ya kupuliza ya kusafishia viungo vya umeme, si mafuta ya kulainishia bawaba. Na kwa redio za U, valvu zote zikiwa giza, moja tu ndiyo imekatika uzi. Pima moja moja uipate.

Spika, uzi na sanduku

Karatasi ya spika iliyochanika zibe kwa tishu ya tabaka moja na gundi nyeupe ya mbao iliyotiwa maji. Uzi unaovuta mshale wa stesheni ukikatika, tumia mshipi wa kuvulia wa kusuka; ule wa nailoni wa uzi mmoja unateleza na kunyooka. Chora njia yake kabla hujautoa, maana unazunguka magurudumu kwa akili ya aliyeubuni peke yake.

Sanduku la mbao lenye vumbi laini la unga chini yake lina wadudu. Chesisi na spika vikiwa nje, tia dawa ya mbao kwenye matundu kwa sindano, acha siku kadhaa, hewa ipite. Vinia iliyobanduka irudishe kwa gundi na uzito wa tofali. Usiipige msasa wa mashine, ni nyembamba, utaipitiliza. Bakelaiti osha kwa sabuni na maji ya vuguvugu, ikauke, isugue kwa Brasso hadi irudi weusi wake.

Utasikiliza nini

Redio hizi zilinunuliwa kwa ajili ya Sauti ya Dar es Salaam iliyoanza 1951, kwa ajili ya Cairo iliyoanza kutangaza kwa Kiswahili 1954, kwa ajili ya BBC 1957. Masafa ya kati siku hizi yamepungukiwa, lakini masafa mafupi usiku bado yana watu. Funga waya wa mita 10 kutoka dirishani hadi mwembe, uingize kwenye tundu la antena. Kwenye bendi ya mita 25 jaribu karibu na kilohezi 11735, ambayo ni masafa ya siku nyingi ya redio ya Zanzibar. Zima chaja za simu na taa za LED za jirani kama mnaelewana. Ndizo zinazopiga kelele kuliko mawingu. Redio yako ikiwa na FM, angalia kioo: nyingi za enzi hizo zinaishia megahezi 100, kwa hiyo nusu ya stesheni za mjini hazitafika.

Nyuma kuna matundu ya gramafoni. Simu inaingia hapo: unganisha kushoto na kulia kwa rezista mbili za kilo-ohm 1, upate waya mmoja. Kwa redio za E tu. Kwa redio za U matundu hayo yanaweza kuwa na laivu, na simu iliyo mkononi mwako inakuwa laivu pamoja nayo. Arthi pia usiifunge kwenye chesisi ya U.

Limebaki la joto, nalo ni la kuelewana na wenye nyumba. Rudisha ubao wa nyuma wenye matundu, iache redio vidole vinne kutoka ukutani. Shangazi atatandika kitambaa cha kufuma juu yake, na juu ya kitambaa ataweka vazi la maua ya plastiki. Maua hayana neno, mradi vazi lisiwe na maji. Kitambaa kiishie kwenye ukingo wa juu; kikining'inia nyuma kinaziba matundu, na zile wati 12 za rezista hazina pa kutokea. Mimi huwa nakikunja mwenyewe ninapopeleka redio, namwonyesha kinapoishia.